SOMO LA MFANYAKAZI: JINSI WASEMA KIINGEREZA WANAVYOTAMKA NAMBA ZENYE NUKTA



Somo letu la leo ni dogo, lakini lina fedha ndani yake. Ni juu ya namba zenye nukta, yaani desimali, na jinsi mtu asemaye Kiingereza anavyozitamka kwa mdomo. Wengine watasema, "Hilo ni jambo la watoto wa shule." Mimi pia niliwahi kusema hivyo. Shule yangu iliishia darasa la saba. Huko nilifundishwa kuiandika nukta, sikufundishwa kuisikia. Hasara ya kutoisikia waliilipa wenzangu, na ndiyo sababu ninaandika somo hili.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika ujumbe wa wafanyakazi uliojadili mshahara katika shamba moja la chai. Asubuhi upande wa mwajiri ulitaja nyongeza ya asilimia 4.5. Tulikataa, tukaenda kula. Mchana walirudi, wakasema hesabu imepigwa upya. Meneja akaisoma haraka kwa Kiingereza: "four point one two." Mfasiri nilikuwa mimi. Nilisikia nne, nikasikia pointi, nikasikia moja na mbili. Nikaziunganisha moja na mbili, nikapata kumi na mbili. Nikatoka nje kwa wenzetu waliokuwa wakingoja chini ya mti, nikatangaza: "Asubuhi ilikuwa nne pointi tano. Sasa imepanda, ni nne pointi kumi na mbili!" Watu wakapiga makofi. Jioni tukatia sahihi.

Mwisho wa mwezi mama mmoja mzee, mchuma chai, alinijia na slipu yake ya mshahara. Akaniuliza, "Mwanangu, ile kumi na mbili iko wapi?" Niliitafuta sikuiona. Haikuwapo tangu mwanzo. Nyongeza ilikuwa imeshuka, na sisi tulikuwa tumeishangilia. Siwezi kusema kwamba meneja alitudanganya. Aliitamka namba yake kama Waingereza wanavyoitamka, na katika karatasi iliandikwa sawasawa. Kosa lilikuwa la masikio yangu.

Tupige hesabu. Tuseme mshahara ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Asilimia 4.5 ni shilingi 4,500. Asilimia 4.12 ni shilingi 4,120. Tofauti ni shilingi 380 kwa mwezi, yaani 4,560 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Wakiwa wafanyakazi 600, ni shilingi 2,736,000 kwa mwaka. Fedha hiyo yote ilipita katikati ya nukta na sikio la mtu mmoja.

1. NUKTA MAANA YAKE NINI

Namba iliyo kushoto kwa nukta ni vitu vizima. Tarakimu zilizo kulia kwake ni vipande. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni sehemu za kumi, ya pili ni sehemu za mia, ya tatu ni sehemu za elfu.

Tutumie kilo, kwa sababu kila mtu wa shamba anaijua. Kilo moja ina gramu 1,000. Basi:

0.1 ya kilo ni gramu 100.
0.01 ya kilo ni gramu 10.
0.001 ya kilo ni gramu 1.

Mizani ikionyesha 23.5, una kilo 23 na gramu 500. Ikionyesha 23.15, una kilo 23 na gramu 150. Ingawa kumi na tano ni kubwa kuliko tano, 23.15 ni ndogo kuliko 23.5. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka. Karani akiandika 23.15 mahali pa 23.5, amekuondolea gramu 350. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 9 na gramu 100 za majani ambayo umeyachuma kwa mikono yako na hukulipwa.

Iko dawa rahisi. Ukitaka kulinganisha namba mbili zenye nukta, zifanye ziwe na tarakimu sawa baada ya nukta. Ile fupi iongezee sifuri mwishoni. Thamani yake haibadiliki. 4.5 ni sawa na 4.50. Sasa iweke 4.50 kando ya 4.12. Hata mtoto ataona ipi ni kubwa. Laiti ningaliandika sifuri ile moja siku ile!

2. KANUNI YA KUTAMKA

Msema Kiingereza hufuata kanuni hii. Namba ya kabla ya nukta huitamka kama namba ya kawaida. Kisha husema "point". Kisha hutaja tarakimu moja moja, kama mtu anayesoma namba ya simu.

3.14 ni "three point one four". Hasemi "fourteen".
23.15 ni "twenty-three point one five".
118.625 ni "one hundred and eighteen point six two five".

Angalieni mfano wa mwisho. Kabla ya nukta amesema mia moja kumi na nane, kwa sababu hapo kuna mamia na makumi. Baada ya nukta amesema sita, mbili, tano. Upande ule wa kulia hakuna makumi wala mamia, kuna vipande tu, na kila kipande kina mahali pake. Akizitaja moja moja, hakuna anayedhani kwamba .15 inazidi .5.

Kiswahili cha shule kina kanuni hiyohiyo. Mtoto wa shule ya msingi Tanzania, ambaye husoma hesabu kwa Kiswahili, husema "tatu nukta moja nne". Basi nasi tuseme hivyo katika mikutano yetu. Tukisema "nukta kumi na mbili" tunajifunga kamba wenyewe.

3. SIFURI INA MAJINA MENGI

Sifuri huwasumbua wageni, maana wasema Kiingereza wanaiita kwa majina mbalimbali. Mwingereza husema "nought", ambayo sikioni ni kama "nooti". Mmarekani husema "zero". Na wote wawili, wakiwa na haraka, husema "oh", sauti ya herufi O. Kwa hiyo 2.05 utaisikia kwa namna tatu: "two point nought five", "two point zero five", au "two point oh five". Zote ni namba moja.

"Oh" ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu ni fupi na kelele za mashine huimeza. Ukiipoteza, 2.05 inageuka 2.5. Mfano: punguzo la gunia kwenye mizani likiwa 0.05 ya kilo ni gramu 50. Likiwa 0.5 ni gramu 500, mara kumi zaidi. Mchumaji anayepimisha magunia matatu kwa siku, kwa punguzo la kwanza anakatwa gramu 150, na kwa la pili anakatwa kilo moja na nusu. Yote hayo kwa ajili ya "oh" moja.

Jambo jingine ni sifuri ya mbele. Namba 0.5 Mwingereza huisema "nought point five", na Mmarekani "zero point five". Lakini wengi huiacha kabisa ile sifuri, wakasema "point five" tu. Mtu asiyezoea hulisikia lile "five" peke yake akaandika 5.

Jambo hili ni la afya pia. Wapulizaji dawa, sikilizeni. Msimamizi akisema tia "point two five" ya lita katika pampu ya mgongoni, maana yake ni 0.25, yaani mililita 250, robo lita. Si lita 2.5. Anayekosea hapo ametia dawa mara kumi, na anayeivuta puani ni yeye mwenyewe. Mwambie msimamizi akuonyeshe alama kwenye kikombe cha kupimia.

4. MAHALI WANAPOIACHA KANUNI

Lugha ni ya watu, na watu hukata njia. Yako mambo manne ya kuangaliwa, na katika mengi yake wenye Kiingereza chao wenyewe hawatamki tarakimu moja moja.

Kwanza, fedha. Bei ya pauni 2.50 Mwingereza huisema "two pounds fifty", au "two fifty". Hapa anasema hamsini kwa sababu hizo ni peni hamsini kamili, kila moja ni sarafu inayohesabika. Wazee wetu wanalijua jambo hili. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti 100, na dukani bei iliandikwa 2/50, ikasomwa shilingi mbili na senti hamsini. Uingereza yenyewe ilichelewa. Mpaka tarehe 15 Februari 1971 pauni yao iligawanywa katika shilingi 20, na kila shilingi katika peni 12. Ndipo ikawa pauni moja ni peni 100. Lakini jihadharini: "two fifty" inaweza kuwa 2.50, na inaweza kuwa 250. Uliza.

Pili, nusu na robo. Badala ya "four point five" wengi husema "four and a half", nne na nusu. Kumbukeni hili katika saa za ziada. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kazi ya saa za ziada katika siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, na siku ya sikukuu ya taifa mara mbili. Wasema Kiingereza huiita ile ya kwanza "time and a half". Kwenye karatasi ya karani utaiona imeandikwa 1.5. Ni jambo lilelile.

Tatu, mamilioni. Meneja akisema "two point five million", ni 2,500,000. Akisema "two point oh five million", ni 2,050,000. Tofauti ni shilingi 450,000. Katika mamilioni, tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni laki, na ya pili ni makumi elfu.

Nne, karakana. Mafundi wa mashine waliofundishwa kwa inchi hawasemi "nought point nought nought five". Husema "five thou", yaani sehemu tano za elfu za inchi, ambayo ni 0.005. Anayeingia karakana asidhani ni milimita. Sehemu moja ya elfu ya inchi ni milimita 0.0254 tu. Fundi aliyechanganya hizo mbili ataharibu beringi, na atakatwa mshahara.

5. NUKTA YA SAA NA NUKTA YA HESABU

Hili nimelitenga peke yake, kwa maana linawaibia watu wengi na wezi hawaonekani.

Waingereza wana desturi ya kuandika saa na dakika kwa nukta. Wakiandika 2.30 kwa maana ya saa, husoma "two thirty", na zile 30 ni dakika. Lakini hesabu ya malipo hutumia desimali. Humo 2.3 husomwa "two point three", na maana yake ni saa mbili na sehemu tatu za kumi za saa. Saa ina dakika 60. Sehemu tatu za kumi zake ni dakika 18, si 30.

Basi tazama. Umefanya saa za ziada mbili na dakika 30. Nyapara anaandika katika daftari lake 2.30, kama saa ya ukutani. Daftari linakwenda ofisini. Karani anaiingiza 2.30 katika mashine, na mashine inaisoma kama desimali. Unalipwa saa mbili na dakika 18. Umepoteza dakika 12. Kwa siku 26 ni dakika 312, yaani saa tano na dakika 12 za jasho. Namba iliyostahili kuandikwa ni 2.5.

Wekeni hii akilini au iandikeni nyuma ya kadi yenu:

Dakika 15 ni 0.25
Dakika 30 ni 0.5
Dakika 45 ni 0.75
Dakika 6 ni 0.1

Katika slipu yako, ukiona nukta ikifuatwa na 30 katika safu ya saa za ziada, simama hapo. Muulize karani kwa adabu, "Ndugu, hii ni thelathini ya dakika au ni sehemu za kumi?" Akisema ni dakika, mwombe akuonyeshe imelipwa vipi.

6. NDUGU ZETU WA MKATO

Mashambani kwetu hatukutoka shule moja. Wako waliosoma Kongo na Burundi, na wako waliosoma Rwanda kabla ya uamuzi wa mwaka 2008 wa kufundisha kwa Kiingereza. Hao walifundishwa kwa Kifaransa, na Kifaransa hakitumii nukta, kinatumia mkato. Mbili na robo wao huandika 2,25. Na katika kutamka, Mfaransa husema "deux virgule vingt-cinq", yaani mbili mkato ishirini na tano. Kwao si kosa, ndiyo desturi ya lugha ile. Lakini akiibeba desturi hiyo na kuiingiza katika Kiingereza akasema "two point twenty-five", msikilizaji atachanganyikiwa.

Katika maandishi hatari ni kubwa zaidi. Kwa Kiingereza mkato hutenga maelfu: 1,250 ni elfu moja mia mbili hamsini. Kwa aliyesoma Kifaransa, 1,250 ni moja na robo. Fikiri oda ya mbolea ya kilo 1,250, au mashine iliyotoka Ulaya na kitabu chake. Hata Afrika Kusini, kwa kuwa serikali yao ilichagua mkato, utamsikia msema Kiingereza akisema "comma" mahali pa "point".

Tusichekane kwa jambo hili. Wakubwa wa vipimo duniani wenyewe walijadiliana muda mrefu. Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulikubali kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato. Na tangu mwaka 1948 mkutano huo ulishasema maelfu yatengwe kwa nafasi tupu, bila nukta wala mkato. Kwa hiyo ndugu aliyetoka Bukavu hakosei, wala aliyetoka Fort Portal hakosei. Wanaokosea ni watu wawili wanaotia sahihi karatasi moja bila kuulizana.

7. TUFANYE NINI

Tangu siku ya yule mama, mimi hufuata mambo manne, nami nayaweka mbele yenu.

La kwanza: namba yoyote ikitajwa kwa mdomo, iombe kwa maandishi kabla ya kuitangaza kwa wenzako.

La pili: irudie mbele ya aliyeitaja, tarakimu moja moja. "Four, point, one, two. Sivyo?" Si aibu kuuliza. Aibu niliyoipata mimi ilitokana na kutouliza.

La tatu: igeuze iwe kitu. Asilimia igeuze iwe shilingi, kilo iwe gramu, saa iwe dakika. Usimpelekee mfanyakazi nukta, mpelekee shilingi. Siku ile kama ningewaambia, "Asubuhi ilikuwa 4,500, sasa ni 4,120," hakuna ambaye angepiga makofi.

La nne: andika. Kila mchumaji awe na kijidaftari chake cha uzito wa kila siku. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

8. MASWALI YA MAZOEZI

Yafanyeni kwa vikundi wakati wa mapumziko, anayejua amfundishe asiyejua.

1. Mizani imeonyesha 31.08. Msema Kiingereza ataitamkaje? Ni kilo ngapi na gramu ngapi?
2. Ipi ni kubwa, 6.4 au 6.19?
3. Meneja amesema "nought point seven five percent". Kwa mshahara wa shilingi 200,000 ni shilingi ngapi?
4. Umefanya saa za ziada tatu na dakika 45. Iandikwe vipi katika hesabu ya malipo?
5. Mwenzako aliyesoma Burundi ameandika lita 1,5. Ni lita ngapi?

Majibu: (1) "Thirty-one point nought eight", au "point oh eight", kilo 31 na gramu 80. (2) 6.4, kwa kuwa ni 6.40. (3) Shilingi 1,500. (4) 3.75. (5) Lita moja na nusu.

Yule mama bado anachuma chai. Katika majadiliano yaliyofuata tulimweka katika ujumbe wetu. Hajui Kiingereza, lakini kila namba inapotajwa hunigeukia na kuniuliza, "Kwa shilingi ni ngapi?" Nami hupiga hesabu kwanza, ndipo nafungua mdomo.

Umoja ni nguvu.